Jua Halikukata Bando Lako: Dhoruba ya Mei 2024 na Nyaya za Makambako

Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024, kwenye saa mbili usiku kwa saa zetu, dunia ilianza kupigwa na dhoruba ya sumaku iliyofika daraja la tano, daraja la juu kabisa kwenye kipimo kinachotumika kimataifa. Ilikuwa mara ya kwanza kufika daraja hilo tangu Oktoba 2003. Jumapili asubuhi, tarehe 12, intaneti ikayumba Afrika Mashariki, na Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Wasomi wenzangu mnaikumbuka siku ile: status hazipandi, video inazunguka tu, mtu ana bando limejaa na hana pa kulipeleka.

Kati ya matukio hayo mawili ipo Jumamosi moja tu. Basi hesabu ikajifunga yenyewe vichwani mwa watu: jua limechafuka, mtandao umekufa, kwa hiyo jua ndilo lililoua mtandao. Hesabu hiyo niliikuta bado inaishi nilipokwenda Njombe kwa mazoezi ya kufundisha, ile tunayoiita TP. Tulikuwa kwenye mada ya sumaku, na mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, eti ni kweli jua likikasirika linakata intaneti?" Mwenzake akadakia kwamba mama yake alitumiwa meseji kwenye grupu la kwaya: usiku watu wote wazime simu na wasilale nazo karibu, kwa sababu kuna miale ya hatari inapita jirani na dunia. Darasa zima likanigeukia.

Niliwajibu kwa kifupi maana kengele ilishagonga. Hapa nina nafasi zaidi, na naona swali lile linatuhusu sisi tunaosomea ualimu kuliko mtu mwingine yeyote. Jibu lenyewe ni hili: dhoruba ilikuwa ya kweli, kukatika kwa intaneti kulikuwa kwa kweli, lakini la kwanza halikuleta la pili. Na kitu ambacho dhoruba inaweza kweli kukidhuru hakimo kabisa kwenye meseji ile ya kwaya. Kipo nje, kimesimama, na ukipita Makambako unakiona kwa macho yako.

Jua linatuma nini?

Jua liko kilomita milioni 150 hivi kutoka hapa, na mwanga wake hutumia dakika 8 na kidogo kutufikia. Lakini halitoi mwanga na joto peke yake. Kila siku, kila upande, linapuliza chembe ndogo zenye chaji, elektroni na protoni, kwa kasi ya kawaida ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Huo ndio upepo wa jua. Kwa mwendo huo ungetoka Makambako ukafika Njombe mjini kabla hujamaliza kupepesa jicho.

Kwenye uso wa jua kuna sehemu zenye sumaku kali sana. Ni baridi kidogo kuliko zinazozizunguka, ndiyo maana tukizitazama kwa vyombo maalumu zinaonekana kama madoa meusi. Madoa hayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba jua limeingia kwenye kilele cha mzunguko wa sasa, ambao ni wa 25 tangu uhesabuji uanze. Mistari ya sumaku juu ya madoa hujisokota kama nywele zilizosukwa ovyo. Ikizidi, inakatika na kujiunga upya, na nguvu yote iliyokuwa imebanwa inatoka kwa mpigo.

Kinachotoka hapo kiko cha aina mbili, na watu wengi huvichanganya. Cha kwanza ni mmweko: mwanga na eksirei, ambavyo vinakuja kwa kasi ya mwanga. Ukiambiwa umetokea, tayari umeshafika. Cha pili ni wingu la plazima, mabilioni ya tani za chembe zenye chaji, likiwa limebeba sumaku yake lenyewe. Hili linasafiri siku moja hadi tatu, na lile lenye haraka sana linaweza kufika chini ya siku moja. Mei 2024 kundi moja la madoa, lililopewa namba 13664, lilirusha mawingu kadhaa mfululizo. Ya nyuma yakayakuta ya mbele, yakafika kama mzigo mmoja.

Wingu likifika si lazima lifanye fujo. Dunia nayo ni sumaku, na sumaku hiyo ni kama mwavuli. Inategemea sumaku ya wingu imeelekea wapi. Ikielekea kaskazini, mwavuli unalikwepesha kwa sehemu kubwa. Ikielekea kusini, mistari ya wingu inaungana na mistari ya dunia, mlango unafunguka, nguvu inaingia. Kibaya ni kwamba uelekeo huo hauwezi kupimwa vizuri mpaka wingu lifike kwenye setilaiti za ulinzi zilizoko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa jua. Toka pale, wingu lina dakika 15 hadi saa moja hivi kutufikia. Kwa hiyo utabiri wa dhoruba ya sumaku unafanana na kuona mvua ikija ukiwa shambani: unajua inakuja, lakini utajua inanyesha kiasi gani ikiwa karibu sana.

1859: pasipo na waya hakuna kesi

Tarehe 1 Septemba 1859, Mwingereza Richard Carrington alikuwa anachora madoa ya jua, kazi aliyoizoea. Ghafla akaona mmweko mweupe juu ya madoa yale. Mwingereza mwingine, Richard Hodgson, akauona pia akiwa kwake. Baada ya saa 17 na nusu hivi, dunia ikapata dhoruba kubwa ya sumaku ambayo hadi leo ndiyo inayotajwa kama kipimo cha zote. Ulaya na Marekani, mitambo ya telegrafu ikawapiga shoti waliokuwa wanaiendesha. Kuna waliochomoa betri kabisa na kuendelea kutumiana ujumbe kwa umeme wa dhoruba tu. Mianga ya rangi angani, inayoitwa aurora, ambayo kwa kawaida ni ya watu wa karibu na ncha za dunia, ilionekana hadi visiwa vya Karibi. Kituo cha kupimia sumaku cha Colaba, Bombay, nacho kiliandika mshuko mkubwa mno, na India si nchi ya barafu.

Je, huku kwetu? Zanzibar ilikuwa chini ya Sayyid Majid, misafara inatoka pwani kwenda bara na kurudi. Dhoruba ileile ilipita juu ya vichwa vyao, wakaendelea na shughuli zao. Hapakuwa na waya hata mmoja wa telegrafu wa kupigwa shoti. Waya wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879, miaka 20 baadaye. Hapo ndipo penye somo la kwanza: dhoruba ya sumaku inapata pa kudhuru pale binadamu anapotandaza nyaya ndefu na kurusha mitambo angani.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu wa kwetu hasa. Tarehe hiyohiyo, 1 Septemba, mwaka 2016, watu walimiminika Rujewa, mwendo mfupi kutoka Makambako kwa barabara ya Mbeya, kutazama jua likipatwa na kubaki pete. Kupatwa kwa jua na dhoruba ya sumaku havihusiani. Kupatwa ni mwezi kukaa katikati na kutupa kivuli, jambo linalojulikana kwa dakika na sekunde miaka mingi kabla. Dhoruba ni jua lenyewe kurusha kitu, na hakuna kalenda yake. Ukisikia mtu anatabiri dhoruba ya sumaku ya tarehe fulani miezi mitatu mbele, huyo anauza kitu.

Waya mrefu ndio unaopatwa

Turudi kwenye fizikia ya sekondari. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika karibu na waya inazalisha umeme ndani ya waya huo. Dhoruba ni sumaku ya dunia nzima inayobadilika. Kwa hiyo kila kipitishi kirefu kilicholala juu ya ardhi, iwe laini ya umeme, reli au bomba la chuma, kinakuwa waya wa Faraday.

Mabadiliko yenyewe ni madogo kuliko unavyodhani. Sehemu za Njombe, nguvu ya sumaku ya dunia ni zaidi ya nanotesla 30,000. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei 2024, kipimo kinachofuatilia dhoruba kwenye maeneo ya karibu na ikweta kilishuka kwa nanotesla 400 hivi. Ni sawa na mtu mwenye elfu thelathini mfukoni apoteze mia nne. Hata nauli ya daladala haitoshi. Mwili hausikii kitu, na dira uliyoishika mkononi haiwezi kuyumba kiasi cha kukupoteza njia.

Lakini waya mrefu una hesabu nyingine. Tufanye mfano, kama tunavyofanya ubaoni. Tuseme dhoruba imezalisha sehemu moja ya kumi ya volti kwa kila kilomita ya ardhi. Kwenye kamba ya kuanikia nguo hiyo si kitu. Sasa chukua laini ya kilovolti 220 inayotoka Makambako kwenda Songea, iliyokamilika mwaka 2018, yenye urefu wa kilomita 250 hivi. Zidisha: unapata volti 25.

Najua mtu wa uhandisi atacheka. Volti 25 kwenye laini ya volti 220,000 ni nini? Jibu ni kwamba shida haiko kwenye wingi, iko kwenye aina. Umeme wa gridi unageuka uelekeo na kurudi mara 50 kila sekunde, na transfoma imetengenezwa kwa ajili ya mchezo huo. Umeme wa dhoruba unabadilika polepole, kwa dakika nzima, kwa hiyo mbele ya transfoma unaonekana kama umeme wa betri. Unapanda kupitia waya wa ethi, unapita kwenye koili, unarudi ardhini upande wa pili wa laini. Kiini cha chuma cha transfoma kinashiba sumaku. Kikishiba, transfoma inaunguruma, inapata joto mahali ambapo haikupangiwa kupata joto, na karatasi na mafuta yanayokinga koili zake yanachakaa. Mitambo ya kinga nayo inaweza kudhani kuna hitilafu, ikazima laini.

Haya yameshatokea. Tarehe 13 Machi 1989, gridi ya jimbo la Quebec nchini Kanada iliporomoka ndani ya sekunde 92, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa 9 hivi. Tarehe 30 Oktoba 2003, watu 50,000 hivi wa mji wa Malmö, Sweden, walikosa umeme kwa sababu ya dhoruba. Na Sweden ndiyo iliyosaidia kufadhili laini yetu ya Makambako hadi Songea, kwa hiyo tunaweza kusema waliotusaidia kuvuta nyaya wanalijua tatizo hili kwa kuonja.

Kwa muda mrefu wahandisi wengi waliliona kama tatizo la watu wa kaskazini, wanaoishi karibu na ncha ya sumaku. Afrika Kusini ndiyo iliyowatikisa. Baada ya dhoruba za Oktoba na Novemba 2003, transfoma kadhaa kubwa kwenye gridi ya nchi ile zilianza kuonyesha dalili za kuungua ndani, nyingine miezi mingi baada ya dhoruba zenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town wakafuatilia, wakaonyesha kwamba uharibifu unaweza kuanza kidogo kidogo siku ya dhoruba, kisha ukaendelea kukua wakati kila mtu ameshasahau. Yaani transfoma haifi siku ile. Inaumwa kwanza.

Sasa tuiweke hali yetu mahali pake, bila kutishana. Tanzania iko karibu na ikweta kuliko Afrika Kusini, na mara nyingi umeme unaozalishwa ardhini na dhoruba hupungua ukisogea mbali na ncha. Hilo linatusaidia. Lakini kuna mambo mawili yanayosukuma upande wa pili. La kwanza ni miamba. Nyanda zetu za juu zimekaa juu ya miamba migumu ya kale, ambayo haipitishi umeme vizuri, na umeme ukikosa njia ardhini hutafuta waya. Quebec nako ni hivyohivyo. La pili ni urefu wa nyaya. Tumeshaunganishwa na Kenya kwa laini ya kilovolti 400 kati ya Singida na Isinya, inayozidi kilomita 500, na nyingine ya kilovolti 400 ni ya kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma kuelekea Zambia. Ongezea reli ya TAZARA, kilomita 1,860, inayopita Makambako penyewe, na bomba la TAZAMA linalopeleka mafuta Ndola, ambalo kama bomba lolote la chuma linaweza kupata kutu ya ziada umeme wa aina hii ukipita mara kwa mara. Kila tunachokijenga kwa ajili ya maendeleo ni kirefu, na kila kirefu kinaongeza hesabu.

Kwa hiyo ukisimama barabarani Makambako ukatazama kile kituo cha kupozea umeme, pale ndipo swali la dhoruba ya sumaku linapokaa kwetu. Hata hivyo, umeme ukikatika Njombe wakati wa mvua na upepo, usianze kulitazama jua. Uwezekano mkubwa ni mti ulioangukia laini, na miti tunayo.

Juu ya vichwa vyetu

Kuna athari ya pili, na hii sisi wa karibu na ikweta tunaipata kuliko hata Wazungu wengi. Juu ya hewa tunayovuta, kuanzia kilomita 60 hivi na kwenda mamia ya kilomita, kuna tabaka linaloitwa ionosfia. Jua limepasua atomi za pale, kwa hiyo limejaa elektroni. Mawimbi ya redio yanayopita humo yanacheleweshwa au kupindishwa.

Ikweta ya sumaku si ile ya kwenye ramani. Kwa upande wetu wa Afrika inapita Ethiopia. Elektroni za juu ya ikweta hiyo huinuliwa mchana kisha zinamwagika pande mbili, kaskazini na kusini, zikarundikana kwenye mikanda miwili iliyo digrii 15 hadi 20 hivi kutoka ikweta ya sumaku. Piga hesabu kutoka Ethiopia kuja kusini: mkanda wa kusini unaangukia maeneo yetu. Si maneno yangu. Emmanuel Sulungu, Christian Uiso na Patrick Sibanda walichapisha mwaka 2018 utafiti uliopima elektroni za mkanda huo katika Afrika Mashariki kwa kutumia vipokezi vya GPS. Hii ni sayansi inayofanywa na watu wa vyuo vyetu, ingawa darasani tunaitaja kana kwamba ni ya NASA peke yake.

Maana yake kwa mtu wa kawaida ni nini? Basi la kwenda Dar lina kifaa cha kufuatilia mwendo, na GPS yake ikikosea mita kadhaa, hakuna anayejali. Lakini mpima ardhi anayegawa mashamba ya miti au ya parachichi anataka usahihi wa sentimita, na kwake siku ya dhoruba ni siku ya kurudia kazi. Mei 2024 wakulima wa Marekani wanaotumia matrekta ya kuongozwa na GPS walisimamisha upandaji kwa sababu mistari ilikuwa inapotea. Mmweko nao una adhabu yake: eksirei zake zinavuruga redio za masafa marefu upande wa dunia wenye mchana, na zaidi pale jua lilipo utosini. Tarehe 6 Septemba 2017, saa tisa na dakika mbili alasiri kwa saa zetu, mmweko mkubwa ulifika kileleni Afrika ikiwa imelitazama jua. Marubani na mabaharia wanaotegemea redio za aina hiyo ndio huathirika.

Setilaiti zenyewe pia hazisalimiki. Dhoruba inapasha joto hewa nyembamba ya juu, inavimba, na setilaiti za chini zinaanza kukwama kama baiskeli kwenye mchanga. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink, na karibu 40 zikaanguka na kuungua, kwa dhoruba ambayo haikuwa hata kubwa.

Sasa ile Jumapili?

Intaneti ya tarehe 12 Mei 2024 ilikatika kwa sababu mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mikongo hukatwa na nanga, na nyavu, na maporomoko ya chini ya bahari. Miezi miwili tu kabla, Machi 2024, mikongo kadhaa ilikatika Afrika Magharibi, karibu na Côte d'Ivoire, na hapakuwa na dhoruba ya kusingiziwa.

Lakini sitaki mtu aniamini kwa sababu nimesema. Tumia akili ya kawaida. Dhoruba ya sumaku ni ya dunia nzima, na inakuwa kali zaidi kadiri unavyokaribia ncha. Kama ndiyo iliyokata mtandao, basi Norway, Kanada na Uingereza wangekatika kwanza, na wangekatika Ijumaa usiku. Wao usiku ule walikuwa wanarusha picha za aurora kwenye intaneti hiyohiyo. Sisi tulikatika siku ya tatu. Mshtakiwa hakuwepo eneo la tukio wala saa ya tukio.

Ukweli una kona moja zaidi, na ni vizuri kuijua ili usibishane nusunusu. Ndani ya mkongo wa faiba kinachosafiri ni mwanga, na mwanga hausumbuliwi na dhoruba. Ila mkongo wa baharini una vifaa vya kuongeza nguvu kila baada ya umbali fulani, na vinalishwa umeme kwa waya wa shaba ulio ndani ya mkongo huohuo. Huo ni waya mrefu. Dhoruba ya Machi 1989 ilizalisha mamia ya volti kwenye mkongo mmoja wa bahari ya Atlantiki, nao ukaendelea kufanya kazi. Kwa hiyo wanaosema jua linaweza kusumbua mikongo hawaoti. Wanaosema ndilo lililosumbua Mei 2024 ndio wamekosea.

Na simu ya mama?

Tutumie mfano uleule wa sehemu moja ya kumi ya volti kwa kilomita. Simu ina urefu wa sentimita 15 hivi. Kinachozalishwa humo hakifiki hata sehemu mbili za laki moja za volti. Betri ya simu ina volti karibu 4. Hakuna cha kulipuka hapo. Na chembe za kutoka angani zinazuiliwa kwa sehemu kubwa na sumaku ya dunia na hewa yenyewe. Wanaozihofia kwa haki ni wanaanga, na kwa kiasi fulani ndege zinazopita karibu na ncha. Kuzima simu hakumkingi mtu na chochote. Ile meseji imezunguka dunia miaka mingi kwa lugha nyingi, kila mara ikisema "leo usiku", bila tarehe. Taarifa ya kweli ya dhoruba ina tarehe, ina daraja, na ina taasisi unayoweza kwenda kuisoma.

Nani anapima kwetu?

Afrika ina kituo kinachofuatilia hali ya anga za juu saa 24, kiko Hermanus, Afrika Kusini, chini ya wakala wa anga wa nchi ile. Kituo cha sumaku kilihamia Hermanus mwaka 1941 kwa sababu treni za umeme za Cape Town zilikuwa zinavuruga vipimo. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Kyushu cha Japani kiliweka kipima sumaku Dar es Salaam mwaka 2008, kikiwa sehemu ya mnyororo unaotoka Misri kushuka hadi Afrika Kusini kupitia Addis Ababa na Nairobi.

Hadithi ya Hermanus inanifanya niwaze. Dar sasa ina SGR ya umeme, na jiji linazidi kupiga kelele za umeme kila kona. Kipima sumaku kinataka mahali patulivu, mbali na reli na viwanda. Milima ya Njombe ina utulivu huo, na iko karibu na mkanda ule wa kusini. Na kupima umeme unaopanda kwenye waya wa ethi wa transfoma kubwa si kazi ya kurusha roketi; ni kifaa kimoja na mtu wa kusoma namba zake. Wenzetu wa fizikia na uhandisi wanaotafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, mada hiyo hapo, iko kando ya barabara ya Songea.

Sisi wa ualimu tuna sehemu yetu. Yule mwanafunzi hakuuliza swali la kijinga. Aliona vitu viwili vimefuatana, akauliza kama kimoja kimezaa kingine, na hivyo ndivyo sayansi inavyoanza. Tukimjibu "huo ni uzushi, kaa chini", tumemfundisha kunyamaza, na jioni atarudi kwenye grupu la kwaya ambako anajibiwa kwa uhakika wote. Vifaa vya kumjibu tayari viko kwenye muhtasari: sumaku ya dunia ipo, Faraday yupo, transfoma ipo, ionosfia ipo. Kilichobaki ni kuviunganisha na laini ya Songea, reli ya TAZARA na ile Jumapili ya Mei. Ukienda TP mwakani, beba ramani ya Gridi ya Taifa. Ibandike ubaoni, waulize wanafunzi wako ni waya upi mrefu kuliko yote, halafu waache wapige hesabu wenyewe.